Ufundi wa Kutega Mbingu

Karibu na mji wa Malargüe, Argentina, kwenye malisho ya ng'ombe, yametapakaa matangi zaidi ya 1,600, kila moja likiwa kilomita moja na nusu kutoka kwa jirani yake. Ndani mna lita 12,000 za maji safi mno, giza totoro, na vitambua-mwanga vitatu vinavyosubiri. Hicho ndicho kituo cha Pierre Auger, mtego wa kilomita za mraba 3,000. Ukubwa huo si majivuno. Chembe za kosmiki, yaani zitokazo angani, zenye nguvu za kupindukia ni adimu kiasi kwamba kilomita moja ya mraba huangukiwa na moja hivi kwa karne. Asiye na karne za kungoja, atandaze eneo.

Tena chembe yenyewe haifiki chini. Huigonga hewa huko juu na kuvunja kiini cha atomu; vipande navyo huvunja vingine, hadi chembe kwa mabilioni zateremka pamoja. Zikipita majini kwa kasi inayoushinda mwanga wenyewe humo majini, huacha mng'ao hafifu wa buluu. Hapo ndipo mafundi wa kituo hicho wanaponipendeza: hulinganisha tangi lipi limemulikwa kwanza na lipi limechelewa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, wakajua upande ilikotokea chembe ya kwanza. Wingi wa mwanga huwaambia nguvu zake.

Upande, lakini si chimbuko. Sumaku za angani huzipinda chembe safari nzima. Mei 2021, mitambo ya Telescope Array huko Utah, Marekani, ilinasa chembe iliyopewa jina Amaterasu. Chembe moja, yenye nishati kama ya mpira wa miguu unaokwenda kilomita 50 kwa saa! Wanasayansi walipoifuata njia yake kinyumenyume, ikawaelekeza kwenye eneo la ulimwengu lisilo na galaksi za kutajika. Washukiwa wapo, mashimo meusi yenye kutema mikondo ya mata wakiwa mbele, na kila mmoja ana watetezi wake.

Mimi navutiwa zaidi na kazi ya mwaka 2017. Wana-Auger hawakuibana chembe moja iungame. Walihesabu zaidi ya 30,000, nyingi zikiwa na nguvu pungufu kuliko zile adimu kabisa, wakaona upande mmoja wa anga unaleta nyingi kidogo kuliko mwingine, nao uko mbali na kitovu cha galaksi yetu. Basi zinatoka nje yake. Miaka zaidi ya kumi ya kuvizia, kwa sentensi hiyo.

Tangu hapo wamepandisha juu ya matangi mabamba ya plastiki maalumu yanayomulika yakipitiwa na chembe, ili watenganishe protoni na viini vizito kama vya chuma, ambavyo sumaku huvipotosha zaidi.