Chupa ya dawa irudi dukani

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 ilisafisha masoko mengi ya Tanzania, ila Mang'ola, wilayani Karatu, iliigusa juu juu tu. Kanuni zile ziliacha nje vifungashio vya kilimo, na Mang'ola ndiyo kilimo chenyewe: vitunguu, majaruba kwa majaruba, vikinyweshwa maji ya chemchemi za Qangdend. Plastiki inayosumbua huko ni chupa ya kiuatilifu iliyotupwa kando ya mfereji. Nayo haina pa kwenda, maana maji ya Mang'ola huishia Ziwa Eyasi, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachosombwa na maji hubaki bondeni humo humo.

Mapendekezo ya kuiyeyusha plastiki hayakosekani, na mifano ipo. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la mita 9 lililotumia takataka za plastiki zipatazo tani 10. Mapema 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Jijini Nairobi, Nzambi Matee wa kampuni ya Gjenge Makers huchanganya plastiki na mchanga, akagandamiza matofali ya kutandaza njiani. Kazi safi. Lakini anayeona moto tu hajaona kazi yenyewe, ambayo ni kuchambua. Mhunzi wa Kidatoga, jirani na mashamba haya ya vitunguu, huyeyusha kufuli na koki kuukuu akapata bangili. Plastiki haina uvumilivu huo. Ile ya madumu na vizibo huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, ya chupa za maji inataka karibu 250. Ukizitia chungu kimoja, ya kwanza itayeyuka mapema kabla ya pili, na zikipoa hazishikani.

Chupa ya dawa inaongeza sumu iliyoganda ndani. Kuiyeyusha kwa kuni uani ni kuivuta kifuani, kuichoma shambani ni hivyo hivyo, na kuigeuza kuwa dumu la maji ya kunywa ni hatari kuliko yote.

Brazil walipita njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2000 iligawa mzigo: mkulima asuuze chupa na kuirudisha, muuzaji aandike kwenye risiti mahali pa kurudishia, kiwanda kigharamie kinachofuata. Taasisi ya viwanda hivyo, inpEV, ilianzishwa 2001, na leo zaidi ya asilimia 90 ya vifungashio vinavyohusika hurudi. Vingi huwa mabomba ya kupitishia nyaya za umeme au vifungashio vipya vya dawa, kamwe si vyombo vya jikoni.

Kusuuza hakuhitaji mtambo. Dawa ikishamiminwa kwenye bomba la kupulizia, jaza robo ya chupa kwa maji, funga, tikisa nusu dakika, mimina humo humo kwenye bomba. Rudia mara tatu. Maji hayo yanaishia kwenye vitunguu kama dawa uliyoilipia, hayaendi mferejini. Kisha toboa chupa ili asiitumie mtu. Lazima ifanyike palepale. Mabaki yakikauka hayatoki kirahisi.

Kusafirisha ndiko kwenye ugumu. Chupa tupu ni nyepesi lakini zinakula nafasi, na lori la vitunguu haliwezi kuacha magunia libebe hewa. Zitobolewe, zikanyagwe, zirudi na gari lililoleta maboksi ya dawa. Mkulima naye apewe sababu ya kuzirudisha. Mang'ola, kama kwingine nchini, inaijua tayari: ukiondoka na soda ya chupa ya kioo bila kuacha chupa, unaacha pesa ya chupa. Mbona dawa, yenye bei kubwa na hatari zaidi, inauzwa bila sharti hilo?

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) iko Arusha, si mbali. Yenyewe na Halmashauri ya Karatu waanze na maduka ya pembejeo ya Mang'ola: pesa ya chupa kwenye kila risiti, na gunia la kurudishia mlangoni.