Sanaa ya Wauighuri mbele ya Hadhira Iliyokwisha Kujua

Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu sanaa inayowatetea Wauighuri huazima upesi kitenzi kuhamasisha. Kitenzi hiki, kilichonyambuliwa kutokana na hamasa, humdhania msikilizaji kuwa amepoa. Kuelimisha, kinachotumiwa sambamba nacho, humdhania kuwa hajui. Hoja ya makala haya ni kwamba dhana zote mbili huipa sanaa hiyo kazi isiyoiweza, na hutufanya tusiione kazi inayoiweza.

Kwanza suala la kujua. Wauighuri ni Waislamu wazungumzao lugha ya jamii ya Kituruki, na wengi wao huishi Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa Uchina. Kuanzia 2017, watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja au zaidi waliwekwa katika makambi ambayo serikali iliyaita vituo vya mafunzo ya ufundi. Tarehe 31 Agosti 2022, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti iliyosema kuwa yaliyotendeka huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu; Uchina iliikana. Oktoba mwaka huohuo, hoja ya kuijadili tu ripoti hiyo ilianguka katika Baraza la Haki za Binadamu kwa kura 17 dhidi ya 19, huku nchi 11 zikijizuia. Miongoni mwa nchi za Afrika zilizokuwa na kura, Somalia pekee iliunga mkono. Waliosalia hawakukosa habari. Ripoti ilikuwa mezani.

Kwa hiyo onyesho linaloishia kwenye ngoma, kofia ya doppa na sahani ya pilau, likitarajia kwamba mtazamaji akishaupenda utamaduni atauchukia ukandamizaji, lina udhaifu wa msingi. Dola nayo hupandisha ngoma hiyohiyo jukwaani. Muqam ya Wauighuri ilitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2005. (Neno lenyewe si geni kwetu: ni maqam ileile ya Kiarabu inayoongoza tuni za taarabu ya Unguja, na iliyotupa makamo katika mtu wa makamo.) Mwaka 2010 meshrep iliingizwa, kwa pendekezo la Uchina yenyewe, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Meshrep ni baraza la jamii lenye muziki, mizaha na hukumu kwa waliokosa adabu. Katikati ya miaka ya 1990, vijana wa Ghulja walipoifufua ili kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilipigwa marufuku. Kilicholindwa, basi, ni uchezaji. Mamlaka ya jamii kujihukumu yenyewe yaliachwa nje ya jukwaa. Rahile Dawut, mwanafolklo wa Chuo Kikuu cha Xinjiang aliyetafiti makaburi ya mawalii pamoja na watu wayazuruo, alitoweka mwishoni mwa 2017. Mwaka 2023 ilithibitishwa kuwa amehukumiwa kifungo cha maisha.

Mfano wenye nguvu zaidi wa sanaa kama utetezi haukutungwa na msanii yeyote. Februari 2019, Uturuki ilitangaza kuwa mpiga dutar Abdurehim Heyit amefia kizuizini. Siku iliyofuata vyombo vya habari vya Uchina vilitoa video fupi inayomwonyesha akisema kuwa yu hai na hajateswa. Wauighuri wa ughaibuni walijibu kwa kudai video za jamaa zao pia. Hawakubishana na utanzu wa dola. Waliuitikia, wakauomba uzae zaidi. Kwa istilahi zetu, hili ni jibu katika malumbano: mlumbi hutwaa vina vya mpinzani wake na kumrudishia. Na kila video iliyokosekana ikawa ubeti mtupu uliosomeka na wote.

Kwa upande wa riwaya, kazi inayostahili usomaji wa karibu ni ya Perhat Tursun, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 2022 kwa jina The Backstreets. Mhusika mkuu, Muighuri asiye na jina, anazunguka usiku ndani ya ukungu wa Ürümchi akitafuta mahali pa kulala, akili yake ikiandamwa na tarakimu na harufu. Mwandishi alikamatwa mwaka 2018 na inaripotiwa kuwa anatumikia kifungo cha miaka 16. Msomaji ajuaye hayo hushawishika kuuona ukungu kuwa makambi. Lakini Tursun alianza kuiandika riwaya hii mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inachokichunguza ni jiji ambalo mtu anaweza kuulizia njia usiku kucha bila kuchukuliwa kuwa mtu, na hilo lilitangulia makambi. Kuisoma kama ushahidi ni kuipunguza. Wahakiki wa Kiswahili tumekwisha kulifanya kosa hili: Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla mara nyingi imesomwa kama shajara ya kifungo, na ufundi wa fumbo katika shairi kama “Mamba” ukawa wa kutajwa kwa kupita tu.

Kitabu cha kumbukumbu cha mshairi Tahir Hamut Izgil, kilichotafsiriwa mwaka 2023, kiko karibu zaidi na ushahidi, lakini nguvu yake haitokani na ukubwa wa mateso. Inatokana na mambo madogo, kama nguo nzito zilizowekwa tayari iwapo polisi watabisha usiku, au sauti yake kurekodiwa kituoni pamoja na alama za vidole na damu. Mshairi anatakiwa atoe sauti bila maneno yake.

Anayetaka kuileta riwaya ya Tursun kwa Kiswahili ana faida moja ya kiisimu. Kiuighuri, kama lugha yetu, hakitofautishi jinsia katika nafsi ya tatu. Kiingereza kimelazimika kuchagua. Atakumbana pia na tatizo lisilo la kiisimu. Nakala ya Kiingereza ina watafsiri wawili, Darren Byler na mwenzake Muighuri aliyefichwa jina kwa usalama wake, ambaye naye alitoweka na anakisiwa kuwa alichukuliwa kizuizini. Jalada la Kiswahili litahitaji neno la kuandika mahali pake. “Hajulikani” si kweli.