Pongezi kwa Mzee Ojwang' na wenzake

Garsen, hapa Tana Delta, ni mji wa njia panda: huku Garissa, huku Lamu, huku Malindi. Hotelini, Mpokomo wa shambani, Muorma wa ng'ombe na abiria wa basi huketi benchi moja, na wenye umri wakianza kukumbushana Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya vichekesho vya runinga ya KBC, chai hupoa.

Pongezi zangu ni kwa marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Alikuwa Mkikuyu, lakini kwenye Vitimbi aligeuka Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo mwenye lafudhi nzito, akivutana kila siku na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Kuiga lafudhi ya jirani bila kumdharau ni kazi ngumu. Wengi wa leo huishia kwenye matusi. Ojwang' alikuwa mkaidi, mjanja, tena mwenye heshima zake. Ukimcheka, unamkumbuka mjomba wako.

Hapa Tana Delta, ambako mwaka 2012 wakulima na wafugaji waliuana, ucheshi wa namna hiyo si anasa. Enyi vijana mnaorekodi vichekesho kwa simu, mtazameni kwanza Ojwang'.