Nyama ya Mbegha na Swali la Myunani

Kiko kitabu kimoja ambacho kila nyumba yenye msomaji hapa Usambara ingefaa kuwa nacho, nacho ni Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi. Sehemu ya kwanza ilipigwa chapa na Misioni ya Magila mwaka 1895. Kitabu kikatolewa tena mwaka 1962. Wengi wetu twakijua kwa masimulizi ya mwanzo tu: Mbegha, mwana kigego, yaani aliyeota meno ya juu kwanza, alivyonyimwa urithi na jamaa zake huko Nguu, akatoka na mbwa wake, akaua nguruwe waliokula mashamba, akawagawia watu nyama, akaua na simba, hata wakamweka kuwa mfalme Vugha. Hapo watu hufunga kitabu. Nami nataka kuonyesha ya kuwa afungaye hapo hajakisoma.

Alikuwako Myunani wa kale, jina lake Plato, aliyeandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika kitabu chake cha Jamhuri amleta mtu mmoja mkali wa maneno, Thrasymachus, asemaye ya kuwa haki ni faida ya mwenye nguvu, wala hapana zaidi. Mchunga, asema, hanenepeshi kondoo kwa kuwapenda, bali kwa ajili ya meza au soko. Socrates amjibu: tabibu, akiwa tabibu kweli, hutafuta afya ya mgonjwa, na mchunga, akiwa mchunga kweli, hutafuta heri ya kondoo, ujira ni jambo jingine.

Nilipokwisha kuyasoma hayo, nalimrudia Mbegha na swali jipya: nyama ile ilikuwa nini? Ilikuwa wema, au ilikuwa bei? Mwanzo wa kitabu haujibu. Wenyeji walikula nyama, wakatoa vyakula vya mashamba, wakamwoza na binti zao. Kila mmoja alipata. Laiti habari zingekwisha pale, Socrates angalishinda.

Lakini hazikwisha. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862. Shekulwavu, mjukuu wake, akatawala Vugha. Semboja, mwanawe, akakaa Mazinde, kule chini kwenye njia ya misafara, akapata bunduki na baruti. Wakapigana wao kwa wao, Wabondei wakaasi, watu wakakamatwa wakauzwa utumwani. Tazama: wajukuu wa mwindaji aliyewalisha watu waliwauza wajukuu wa watu waliolishwa. Hapo Thrasymachus acheka.

Uzuri wa kitabu ni huu, kwamba mwandishi alimtumikia Semboja, wala hakuyaficha mabaya ya siku zile. Upungufu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba karibu habari zote twaziona kutoka barazani kwa wakubwa; mwanamke aliyelima na mtoto aliyeuzwa hawapewi nafasi ya kusema mengi. Msomaji na ategee sikio lake mwenyewe.

Nani basi ameshinda? Wazee wetu Washambaa walikuwa na maneno mawili: kuzifya shi, ndiko kuitengeneza nchi, na kubana shi, ndiko kuiharibu. Hawakumpima mfalme kwa alichotoa siku ya kwanza, bali kwa mvua, na chakula, na amani katika nchi yake. Naona ya kuwa wazee wamjibu Thrasymachus kuliko Socrates mwenyewe. Maana Socrates aeleza mtawala wa kweli ni yupi, lakini wazee waeleza jinsi ya kumjua.

Pengine mtu atasema: ya nini kusumbuka, na utawala wa machifu uliondolewa Tanganyika mwaka 1963? Ndugu, cheo kiliondoka, swali likabaki. Hata leo atakaye kuchaguliwa huja na nyama yake mkononi. Tusimpime kwa nyama. Tumpime kwa hali ya nchi miaka mitano baadaye.

Basi, kisomeni kitabu hiki mpaka ukurasa wa mwisho, tena wasomeeni wazee wasiojua kusoma. Wao watawaambia yale mwandishi aliyoyaacha, nanyi yaandikeni kabla hawajaondoka.

Mimi mwalimu, Mgwashi, Usambara.