Daftari Limeungua, Wakazi Wamo: Jinsi Picha za Familia Zilivyookolewa

Picha nyingi za kidijitali hazipotei siku ya ajali. Hupotea baadaye, mikononi mwa watu wenye nia njema wanaohangaika kuzitafuta. Kazi ninayoichambua hapa inalithibitisha hilo hatua kwa hatua.

Ilikuwa kompyuta ya mezani ya familia moja ya Morogoro, yenye Windows XP na diski ya gigabaiti 80, iliyotunza picha za kuanzia 2004 hadi 2009. Virusi viliizidi nguvu. Fundi akaombwa aitengeneze, akapiga Windows upya, na kompyuta ikawaka vizuri. Folda ya picha ndiyo haikuonekana tena. Humo mlikuwa na harusi, ubatizo, mahafali na picha za mwisho za babu, na hazikuwa na nakala popote.

Uamuzi bora kuliko yote yaliyofuata ulifanywa na mama mwenye kompyuta. Aliizima, akakataza mtu yeyote asiiwashe. Hakuwa na utaalamu wowote wa kompyuta, lakini alifanya lile ambalo mtaalamu angemwomba afanye.

Sababu iko kwenye namna diski inavyotunza kumbukumbu. XP hupanga faili kwa mfumo uitwao NTFS, wenye jedwali kuu linaloorodhesha kila faili: jina, ukubwa, na sehemu ya diski ilipolala. Diski ikifomatiwa, Windows huandika jedwali jipya, tupu. Picha zenyewe haziguswi. Daftari la mjumbe wa nyumba kumi likiungua, wakazi hawajahama. Hatari ni kwamba mjumbe mpya, asiyeona jina la mtu, atagawa kila nyumba kwa mpangaji mwingine. Kila faili inayoandikwa baada ya hapo, hata zile ambazo Windows hujiandikia bila kuombwa, ni mpangaji anayeingia nyumba yenye watu.

Uzee wa kompyuta nao ulisaidia. Katika XP, hata fomati kamili, ile inayochukua muda mrefu, hupitia diski ikitafuta sekta mbovu tu. Ni kuanzia Windows Vista ndipo fomati kamili ilipoanza kuandika sifuri diski nzima. Na XP yenyewe, wakati wa kuwekwa, ilihitaji nafasi ya gigabaiti 1.5 hivi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile gigabaiti 80 ilikuwa na nafasi nzuri ya kubaki kama ilivyokuwa.

Kazi ya fundi wa pili ilianza kwa kutotafuta picha. Aliichomoa diski, akaiunganisha kwa adapta ya IDE na USB kwenye kompyuta nyingine iliyowashwa kwa Linux kutoka kwenye flashi. Alichagua Linux kwa sababu Windows ikishaiona diski huanza kuweka vijifaili vyake humo, wakati Linux inaweza kuisoma bila kuandika chochote. Kisha akatumia programu ya bure iitwayo ddrescue kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, zikiwemo zile zinazodaiwa kuwa tupu, hadi ikawa faili moja kubwa kwenye diski mpya.

Ubora wa ddrescue ni mpangilio wake. Programu ya kawaida ya kunakili ikikutana na sekta mbovu hukwama, au hurudiarudia kuisoma mpaka kichwa cha diski kichoke. ddrescue huruka, hukusanya kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, na hurudi kwenye sehemu ngumu mwishoni, ikiandika kwenye faili ya kumbukumbu wapi imefaulu na wapi bado. Diski kongwe inaweza kufa wakati wowote wa kazi. Ikifa, angalau yaliyo rahisi yameshaokolewa. Nakala ilipokamilika, diski ya asili iliwekwa kando. Kila jaribio lililofuata lilifanyika kwenye nakala, na jaribio likiharibika halikuwa na gharama.

Hapo ndipo utafutaji ulipoanza, kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusaka mabaki ya jedwali la zamani. Jedwali jipya huwa fupi, kwa kuwa Windows mpya ina faili chache, hivyo rekodi za mwishomwisho za lile la zamani zinaweza kusalimika. Kila rekodi ya NTFS huanza na herufi FILE, na programu ya uokoaji inaweza kuzitafuta diski nzima. Picha zilizopatikana kwa njia hii zilirudi na majina yake na folda zake.

Zilizobaki zilihitaji njia ya pili: kupuuza majedwali kabisa na kuitambua picha kwa umbo lake. Faili ya JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF na kuishia na FF D9. PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier, hupitia diski ikitafuta alama hizo na kuikusanya picha kuanzia hapo. Kuna mtego ambao programu dhaifu hunaswa nao. Kamera huweka ndani ya picha kubwa kijipicha kidogo cha kuonyeshea kwenye kioo chake, nacho kina mwanzo na mwisho wake. Programu inayokata kwenye FF D9 ya kwanza hukuletea kijipicha tu na kuiacha picha yenyewe.

Si zote zilizopona. Picha iliyohifadhiwa vipandevipande, sehemu mbalimbali za diski, hutoka nusu yake ya juu ikiwa safi na nusu ya chini ikiwa kijivu au rangi za picha nyingine. Kwa baadhi ya hizo, kile kijipicha ndicho kilichosalimika. Ni kidogo, mara nyingi nukta 160 kwa 120, lakini sura ya babu inatambulika.

Upangaji ulidai akili kuliko uokoaji wenyewe. PhotoRec hairudishi majina, na huchota kila kitu, yakiwemo matangazo na vialama vilivyoachwa na kurasa za intaneti. Kichujio kilikuwa taarifa za Exif, ambazo kamera huandika ndani ya kila picha: aina ya kamera, tarehe na saa. Picha isiyo na jina la kamera iliwekwa pembeni; zenye jina zilipangwa kwa tarehe kwa kutumia ExifTool.

Tatizo likabaki kwa picha zilizopigwa wakati saa ya kamera imepoteza majira, zote zikidai kuzaliwa tarehe moja. Suluhisho lilikuwa kwenye majina ambayo wengi huyafuta bila kuyatazama. Namba ambayo PhotoRec huipa faili hutokana na mahali ilipokutwa kwenye diski. Picha zilizohamishwa kutoka kwenye kamera siku moja mara nyingi hulala jirani, kwa hiyo picha zilizokutwa pembeni ya harusi fulani zina uwezekano mkubwa wa kuwa za harusi hiyo. Kisha mama akakaa mbele ya kioo na kutaja majina ya watu. Kazi hiyo hakuna programu inayoiweza.

Mafanikio haya yasimpe mtu matumaini ya uongo. Kompyuta za sasa hutumia diski za SSD, na kwa amri iitwayo TRIM mfumo huiambia diski ni sehemu zipi hazihitajiki tena, nayo huzisafisha yenyewe. Mara nyingi hakuna kinachobaki cha kutafutwa. Mlango uliokuwa wazi kwenye mashine za zamani unafungwa, na simu zetu, ambako picha nyingi za leo zinakaa, hazina huruma kuliko hizo.

Kwa hiyo mwenye kompyuta kuukuu iliyopoteza picha aizime leo, asiweke programu yoyote ya uokoaji ndani yake, na kabla ya kumkabidhi fundi amuulize swali moja: nakala ya diski nzima utaiweka wapi? Fundi asiye na jibu bado hajawa tayari kuigusa.