Mng'ao si Ushahidi wa Unasaji: Uhakiki wa Polima zenye Chapa ya Ayoni za Elementi Adimu

Uhakiki huu unachunguza dai kwamba polima ng'avu yenye chapa ya ayoni inaweza kutambua na kunasa elementi adimu kwa wakati mmoja. Katika utengenezaji wake, ayoni hutumika kama kiolezo. Polima hujengwa kuizunguka, kisha ayoni huondolewa kwa asidi na kuacha tundu linaloshabihi umbo lake. Kitoa mng'ao kikiwekwa karibu na tundu hilo, kurejea kwa ayoni hubadilisha mwanga unaotolewa.

Udhaifu wa dai hili uko katika uteuzi. Nusukipenyo cha ayoni za lanthanidi hupungua kutoka takriban pikomita 103 kwa lanthanamu hadi 86 kwa luteshiamu, katika elementi 15. Tofauti kati ya elementi mbili jirani ni kama pikomita moja tu, ilhali polima huweza kuvimba ndani ya maji. Ni vigumu, basi, tundu pekee kutenganisha praseodimiamu na neodimiamu. Aidha, ayoni za chuma na shaba huweza kuzima mng'ao bila kuingia tunduni.

Kwa hiyo, kufifia kwa mwanga hakuthibitishi unasaji. Dai husimama pale tu polima inapolinganishwa na isiyo na chapa, inapojaribiwa katika mchanganyiko wa lanthanidi, na kiasi kilichonaswa kinapopimwa kwa njia isiyotegemea mng'ao. Pasipo vipimo hivyo, madai mawili huegemezwa kwenye ushahidi wa dai moja.