Nafsi na Asili katika Siku Njema ya Ken Walibora

Katika Siku Njema (1996), Msanifu Kombo, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Msomaji wa haraka huenda akahitimisha kwamba nafsi ya kijana huyu ni pengo linalosubiri kuzibwa kwa jina la baba.

Hitimisho hilo lina upungufu. Mhusika huyu anajulikana zaidi kwa lakabu ya Kongowea Mswahili. Kongowea ni mahali Mombasa. Mswahili ni mtu wa lugha na utamaduni. Majina yote mawili hayakurithiwa kwa damu. Isitoshe, yeye mwenyewe ndiye msimulizi: baba anafahamika kwa msomaji kupitia lugha ya mwana. Ndiyo kusema kwamba msuko unaielekeza nafsi kwenye asili, ilhali usimulizi unaijenga kwa lugha na safari.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Atokaye pwani kwenda Kitale kwa barabara kuu hupitia Free Area, mtaa ulio upande wa mashariki wa Nakuru, wanamoishi watu wa makabila mbalimbali. Katika Bonde la Ufa, swali "Kwenu ni wapi?" huwa sehemu ya kujuliana hali siku za amani, katika ghasia za 1992 na za 2008, jibu lake liliweza kumgharimu mtu nyumba au uhai. Kwa miaka mingi kitambulisho cha taifa kilichapishwa wilaya, tarafa na lokesheni ya mwenyewe. Kutambulisha ni kumfanya mtu ajulikane kwa wengine. Kadi hiyo basi haikukusudiwa kueleza yeye anajijua vipi. Aliyezaliwa na kukulia Free Area aliweza kubeba mfukoni jina la lokesheni ambayo hajawahi kuishi.

Hapa ndipo udhaifu wa Siku Njema unapojitokeza. Riwaya inaliweka swali la asili mikononi mwa mwana anayetafuta, haliweki mikononi mwa adui anayehoji. Walibora alilikabili jambo hilo baadaye katika Kufa Kuzikana (2003), ambamo urafiki wa vijana wa makabila yanayohasimiana unatiwa majaribuni. Riwaya hizi mbili zafaa kusomwa pamoja: ya kwanza yaonyesha jinsi mtu anavyojitungia nafsi, ya pili yaonyesha jinsi wengine wanavyoweza kumnyima haki hiyo.